Mpangaji akiharibu jengo la fleti, mzigo ni wa nani?

MAJI yanapokuwa ya mgao jijini Nairobi, si ajabu mpangaji kufungua mfereji, kuukuta mkavu na kutoka bila kuufunga. Yakirudi usiku hufurika, yakapenya sakafu na kuharibu dari na samani za jirani wa chini. Nani atalipa?

Kwa fleti zinazomilikiwa moja moja, msingi ni sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya 1987. Kila mwenye fleti ana hati yake, ilhali paa, ngazi na lifti ni mali ya pamoja chini ya shirika la wamiliki. Shirika hilo ndilo lenye wajibu wa kulikatia jengo bima dhidi ya moto na majanga mengine.

Hapa ndipo wengi hukosea. Bima ya jengo hailindi samani za aliye ndani. Isitoshe, kampuni ya bima ikishalipa huwa na haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Nalo shirika halina mkataba na mpangaji. Linayemjua ni mwenye fleti, na ndiye atakayeandikiwa barua.

Hata hivyo, mwenye nyumba hawajibiki kwa kila uzembe wa mpangaji. Bomba likipasuka kwa uchakavu aliojulishwa akanyamaza, kosa ni lake. Mfereji ukiachwa wazi, mambo ni mengine. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 humtaka mpangaji airudishe nyumba ilivyokuwa, ila kwa uchakavu wa kawaida, au moto, mafuriko na ajali zisizotokana na uzembe wake, wa wageni wake au wa wafanyakazi wake. Yaani yaya akisahau mfereji, mdaiwa ni mwajiri wake.

Amana ya kodi ya mwezi mmoja haiwezi kufidia dari tatu zilizoporomoka. Mwenye fleti mwangalifu hujikatia bima ya dhima kwa watu wengine, na hupiga picha za nyumba kabla ya kukabidhi funguo. Madai yasiyozidi Sh1 milioni husikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, na picha hizo huwa ushahidi wake wa kwanza.