Modemu
Nomino, ngeli ya I-ZI: modemu hii, modemu hizi. Kifaa kigeuzacho data ya kompyuta kuwa milio ipitayo katika waya wa simu, na milio hiyo kuwa data tena.

Mtihani wa mfasiri haumo katika nomino hii, bali katika vitenzi vyake. Modemu ya nje iliyochomekwa kwenye tundu ambalo Windows huliita COM1, kwa kawaida Linux huiona kama /dev/ttyS0, hapo *imetambuliwa*. Ikipewa amri ATDT pamoja na namba, *hupiga* simu (si “hubonyeza”, maana kidole hakimo). Modemu ya upande wa pili ikiitika, *zimeunganika*. Hata hivyo, kompyuta *haijaingia* kwenye intaneti mpaka programu ya pppd imtambulishe mtumiaji na kupata anwani ya IP. Anayeandika “imeunganishwa” kwa hatua zote humpoteza msomaji: atabadilisha waya ilhali kosa limo katika nywila.

Tusiseme pia “modemu mbovu” kwa winmodemu, zile zilizoiachia programu ya Windows sehemu kubwa ya kazi. Kwenye Linux nyingi zilikuwa nzima. Zilikosa tu programu ya kuziendesha.