Mvuke wa Olkaria, Mabati ya Kitengela

Saa nane mchana mwezi wa Februari, nyumba ya mabati isiyo na dari Kitengela haikaliki. Watu wanatoa viti nje na kufuata kivuli cha tangi la maji kinavyosogea. Kisha ifike Julai, saa kumi alfajiri, nyumba ile ile inageuka friji: unalala na soksi na sweta, na bado unaisikia baridi ikishuka kutoka juu. Bati ni jembamba mno kuhifadhi chochote. Jua likitoka linawaka nalo, jua likizama linapoa nalo.

Cha ajabu ni kwamba hali ya hewa yenyewe haina ukali. Mji uko kwenye uwanda wa Athi-Kapiti, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ukichukua joto la mchana na la usiku, la Februari na la Julai, ukalipigia wastani wa mwaka mzima, unapata digrii 19 au 20 hivi. Hiyo ni hewa ambayo mtu wa Dubai analipia stima kuipata. Na haiko mbali. Ukichimba mita mbili chini ya ploti yako, udongo unakaa karibu na wastani huo mwaka mzima, kwa sababu joto la mchana haliwahi kufika huko kabla usiku haujaingia. Huku karibu na ikweta, ambako misimu haitofautiani sana, hata huhitaji kwenda chini hivyo.

Kwenye nchi za baridi watu wamejenga biashara nzima juu ya jambo hilo. Wanafukia mabomba ardhini, wanazungusha maji ndani yake, na mashine inayoitwa pampu ya joto inahamisha joto kutoka ardhini hadi ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kulirudisha ardhini wakati wa joto. Si muujiza. Friji ya jikoni inafanya kazi hiyo hiyo: inatoa joto ndani na kulimwaga nyuma, ndiyo maana mgongo wa friji huwa moto. Lord Kelvin alieleza wazo hilo mwaka 1852. Mswisi Heinrich Zoelly aliliwekea hataza la kutumia ardhi mwaka 1912. Na inasimuliwa kwamba miaka ya 1940 mtu wa Indianapolis, Robert Webber, alichomwa na bomba la kutolea joto la frija yake, akajiuliza kwa nini joto zuri hivyo linapotea bure, halafu akaishia kufukia mabomba ya shaba kwenye ua wake ili apashe nyumba yake moto.

Ukimtajia Mkenya jotoardhi, lakini, hafikirii ua wa mtu. Anafikiria Olkaria, mabomba ya fedha yanayopinda bondeni na mvuke unaonguruma. Hayo ni mambo mawili tofauti. Joto la Olkaria linatoka kwenye mwamba ulioyeyuka chini ya Bonde la Ufa. Joto la chini ya ploti ni la jua tu, limepoa likatulia. Lakini historia ya hilo la kwanza ndiyo inayoeleza kwa nini hili la pili hakuna aliyelishughulikia huku, na historia hiyo inaanza na ardhi kuchukuliwa.

Mwaka 1904 Waingereza walifanya mkataba na Laibon Olonana, na Wamaasai wakaondolewa kwenye bonde la Naivasha na Nakuru. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili: walioko Laikipia nao washuke kusini. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, wakashindwa, kwa hoja kwamba mkataba kati ya dola na dola si kazi ya mahakama. (Dola! Walikuwa dola siku ya kuulizwa kesi, na raia siku ya kuhamishwa.) Kajiado ya leo ni sehemu ya kile kilichobaki.

Kwa hiyo ardhi ya mvuke ilitoka mikononi mwao kabla mtu yeyote hajawa na haja na mvuke wenyewe. Jina limebaki: Olkaria ni neno la Kimaasai, linahusu ule udongo mwekundu wa kujipaka. Walowezi walipofika Eburru, kaskazini mwa hapo, walikuta mlima usio na mito lakini unaotoa mvuke kwenye nyufa. Wakauelekeza kwenye mabomba, ukapoa ukawa maji ya kunywa, na joto lake wakakaushia pareto. Wakazi wa Eburru bado wanakinga maji kwa njia hiyo.

Na hata kile kilichobaki kusini kilikuwa na moto wake. Ziwa Magadi, ndani kabisa ya Kajiado, limezungukwa na chemchemi ambazo nyingine zinafika zaidi ya digrii 80. Wafugaji walijua maji hayo na chumvi yake tangu zamani. Mwaka 1911, mwaka ule ule wa mkataba wa pili, ilianzishwa kampuni ya Magadi Soda, na reli ikajengwa kuitoa magadi hiyo hadi kwenye viwanda vya dunia.

Mvuke wa Olkaria ulichukua muda zaidi. Mwaka 1956 vilichimbwa visima viwili, havikutoa kitu cha maana, kazi ikaachwa. Ikarudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Tunapenda kusema ni wa kwanza Afrika. Si kweli kabisa: kule Kiabukwa, Katanga, kimtambo kidogo cha maji moto kilikuwa kinazalisha umeme wa mgodi mwaka 1952. Ila chetu kilikua. Leo jotoardhi inatoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, na sehemu yake inapita juu ya Kajiado kwenye nyaya kubwa kutoka Suswa hadi kituo cha Isinya, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela. Ng'ombe wanalisha chini ya nyaya hizo.

Sasa, hilo ni umeme. Je, joto lenyewe, joto kama joto, limewahi kupasha nini hapa Kenya? Jibu linachekesha kidogo. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, lilianza kutumia kisima cha Olkaria kupasha vibanda vyake moto usiku, ili unyevu usilete ukungu kwenye waridi. Maua yalipata hita ya ardhini. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, zikapelekwa mahali paitwapo RAPland, na malalamiko yao yakafika hadi jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Sijasikia mtu aliyeuliza kama nyumba mpya zingeunganishwa na bomba la joto. Wazo hilo halikuwa na nafasi ya kuingilia. Joto la ardhi lilikuwa limeshakuwa bidhaa ya kusafirishwa: kama soda, kama waridi, kama volti.

Kumbe kulikuwa na nyumba iliyotatua shida ya Februari na Julai zamani, na iliyoijenga ni mwanamke. Wengi tunaiita manyatta. Manyatta ni kijiji cha morani. Nyumba ni enkaji. Mama anachomeka fito, anazifunga, anajaza matawi na nyasi, kisha anakandika kwa udongo, majivu na kinyesi cha ng'ombe, kuta hadi paa. Ni fupi, mtu mzima anainama. Mlango unaingia kwa kona ili upepo usipige moja kwa moja. Dirisha ni tundu la ngumi. Ndani kuna moto, na mara nyingi pembe moja ni ya ndama. Ukuta ule mnene wenye nyasi ndani yake unachelewa kupata joto na unachelewa kulipoteza. Sakafu ni ardhi yenyewe. Na usiku moto, watu na ndama wanapasha chumba kidogo ambacho hakina pa kuvuja. Kila kanuni ambayo mhandisi wa pampu ya joto angekuambia iko mle, bila pampu.

Lakini tusidanganyane. Mle ndani kuna moshi, moshi mzito, na waliouvuta zaidi ni wale wale waliojenga: akina mama, pamoja na watoto wadogo. Msimu wa mvua paa linavuja, na mama ndiye anayeamka usiku kupanda juu na kinyesi kibichi kuziba. Anayeimba sifa za nyumba ya asili akiwa kwenye kochi Nairobi aanzie hapo.

Walioanzia hapo ni wanawake wa Kajiado wenyewe. Miaka ya 1990 vikundi vyao vilifanya kazi na shirika la ITDG, ambalo sasa ni Practical Action. Hawakubomoa enkaji. Paa la udongo lilivikwa waya na tabaka jembamba la saruji, likaacha kuvuja, na maji ya mvua yakaanza kukingwa. Kati ya 1998 na 2001 mradi mwingine, uliofanyika Kajiado na magharibi mwa Kenya, ulishughulikia moshi: madirisha makubwa zaidi, na kofia ya bati juu ya moto inayoupeleka moshi nje kupitia dohani. Vipimo vilionyesha moshi ulipungua sana. Kwangu hii ndiyo kurasa muhimu zaidi katika historia ya kupasha na kupoza nyumba Kenya, na sidhani kama inafundishwa popote.

Haikufika Kitengela kwa sababu Kitengela ilikuwa inakwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iligawa ardhi ya Wamaasai kuwa ranchi za pamoja. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, na hati zikaandikwa kwa majina ya wanaume. Mwaka 1990 ikaja sheria ya EPZ, viwanda vikafunguliwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Shamba likawa ploti, ploti ikawa hamsini kwa mia, hamsini kwa mia ikawa safu ya vyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000. Kwenye mabadiliko hayo jambo moja halitajwi sana: nyumba iliacha kujengwa na mtu atakayelala ndani yake. Landilodi anaishi kwingine. Dari ingetoka mfukoni mwake, joto linamwendea mpangaji. Mbona aweke dari?

Basi ukitaka mabomba ya ardhini hapa, itakuwaje? Kwanza utakutana na udongo mweusi, ule mafundi wanauita black cotton. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Bomba lililofukiwa humo litavutwa huku na huku, na udongo ukikauka unaachana nalo, hewa inaingia katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Lazima ushuke hadi kwenye mwamba. Kisha kuna pampu yenyewe, ya kuagiza nje, inayokula stima. Yote hayo ili upate digrii 20, ambazo unazo tayari chini ya sakafu.

Kuna njia rahisi zaidi, na iko karibu. Kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, iliyobuniwa na msanifu Musau Kimeu, ukumbi mkubwa unapozwa kwa hewa inayopitishwa kwenye kitanda cha mawe chini ya jengo. Mawe yanapoa usiku. Mchana hewa inapita juu yake ikiingia ndani. Na fundi yeyote wa Kitengela tayari anachimba udongo mweusi wote hadi kwenye mwamba kabla ya kuweka msingi, wakati mwingine mita moja na nusu, halafu analeta lori la mawe na kulishindilia shimoni. Kazi ngumu, ya gharama, inafanyika kila siku mtaani. Kisha zege linamwagwa juu, mawe yanafungiwa yasipate hata tundu moja la hewa, na juu kabisa yanapigiliwa mabati.