Burundi: Matanga Yasiyoanuliwa

Mwanzoni mwa mwaka 2020, karibu na mto Ruvubu mkoani Karusi, wafukuaji walifungua mashimo sita yaliyokaa kimya kwa miaka 48. Walitoa mabaki ya watu 6,032, na pamoja nayo maelfu ya risasi, nguo, miwani na rozari. Wapo waliotambuliwa na jamaa zao kwa vitu hivyo tu, maana sura hazikuwapo tena. Miwani ile inatueleza pia ni nani waliotupwa pale: mwaka 1972 aliyesoma ndiye aliyetafutwa kwanza.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo, waasi wa Kihutu walivamia kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi wasio na hatia. Rais Michel Micombero, mwanajeshi wa Kitutsi aliyeuangusha ufalme mwaka 1966, hakuishia kuwaandama waasi. Jeshi na vijana wa chama tawala cha UPRONA walipita na orodha mashuleni, maofisini na makambini. Walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi na askari wa Kihutu waliitwa kwa majina, wakapakiwa kwenye malori, wasirudi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huyaita mauaji hayo Ikiza, yaani balaa kuu.

Kuua kulichukua miezi. Kunyamazisha kulichukua miongo. Waliouawa walibandikwa jina la abamenja, wasaliti, na msaliti haliliwi. Mjane aliyepokonywa mume, na mara nyingi mali pia, hakuruhusiwa kumwombolezea. Burundi ina desturi ya kuganduka, ambayo kwetu ni kuanua matanga: siku ndugu wanapokusanyika na kuutua msiba. Kwa maelfu ya familia siku hiyo haikufika. Jean-Baptiste Bagaza, aliyempindua Micombero mwaka 1976, aliongeza kufuli juu ya kufuli kwa kupiga marufuku mazungumzo ya hadharani kuhusu Uhutu na Ututsi, eti wote ni Warundi tu. Maneno yalifutwa, lakini bunduki zilibaki mikononi mwa wachache. Micombero, Bagaza na Pierre Buyoya, marais watatu wanajeshi waliofuatana hadi 1993, wote walitoka tarafa moja ya Rutovu, mkoani Bururi.

Kilichokatazwa ndani kilisemwa nje. Wakimbizi wa 1972 walipewa makazi upande wa Tanzania, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi nao katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wa Mishamo wakisimulia mauaji yale kila siku, huku wenzao wa Kigoma mjini wakijichanganya na wenyeji na kuepuka habari hizo. Ni Mishamo hiyohiyo ambako mwaka 1980 kilizaliwa PALIPEHUTU, chama kilichokuja kushika silaha. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Mshindo ukaja. Juni 1993 Melchior Ndadaye, Mhutu wa chama cha FRODEBU, alishinda uchaguzi wa rais. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Wahutu wenye hasira waliwageukia majirani zao Watutsi, na huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto. Jeshi likalipiza. Vita kati ya jeshi na makundi ya waasi, CNDD-FDD na FNL, vilichukua roho zipatazo 300,000. Aprili 1997, katika seminari ya Buta, vijana 40 waliuawa baada ya kukataa kujigawa Wahutu huku, Watutsi kule.

Mazungumzo ya Arusha, yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo uliyarudisha maneno yaliyokatazwa: Wahutu na Watutsi walitajwa, wakagawiwa viti na nafasi, na jeshi likaja kuwa nusu kwa nusu. Kutaja hakukuivunja nchi; kulisaidia kuituliza.

Lakini kimya kina tabia ya kubadili mwenyewe. Mei 2015, CNDD-FDD ikiwa sasa ndiyo inayotawala, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, vituo vya redio binafsi vilishambuliwa na kufungwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo, iliyofukua mashimo ya Ruvubu, ilitangaza Desemba 2021 kwamba yaliyotokea 1972 ni mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Ilifanya vema kuwarudishia waliouawa heshima yao. Hata hivyo, wafu wa Kibimba na wa vita vilivyoanza 1993 wanasubiri bidii ileile. Tukilia upande mmoja tu, tumeuhamisha ukimya kutoka nyumba hii kwenda nyumba ya pili.

Nasi majirani tuna sehemu yetu. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale ya wakimbizi walipewa uraia wa Tanzania. Msomaji wa Katavi, Tabora au Kigoma, mzee aliyevuka mpaka mwaka 1972 huenda bado yuko mtaani kwako. Akiwa tayari kusema, kaa naye, mwulize majina ya waliobaki nyuma, uyaandike kabla hajaondoka nayo. Matanga huanza kwa kumtaja marehemu.