Shirere, Eshisiru, Sirisia: Historia ya Kukiandika Kiluhya

Anayezunguka magharibi mwa Kenya husoma sarufi kwenye vibao vya barabarani. Kandokando ya mji wa Kakamega kuna Shirere, na upande wa Waisukha kuna Shinyalu na Shibuye. Njia ya Mumias humfikisha msafiri Eshisiru. Bungoma kuna Sirisia, na Vihiga kuna Kidundu.

Tofauti hizo za mwanzo wa jina zina mpango wake. Kile ambacho Mswahili hukiita kitu, kwa Mwisukha ni shindu, kwa Mwanga eshindu, kwa Mbukusu siindu, kwa Mmaragoli kindu. Ngeli ni ileile, lakini kila eneo lina kiambishi chake. Vitenzi navyo vina mtindo huohuo: Mwisukha husema khulima, Mwanga huitanguliza irabu akasema okhulima, na Mmaragoli husema kulima, sawasawa na Kiswahili. Wote hawa wanaitwa Waluhya, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 6.8.

Aliyetaka kuandika kitabu kimoja cha watu wote hao alikuwa na kazi.

Kabla yake, misheni zilikuwa zimeshagawana vijiji. Wakweka walifika Kaimosi mwaka 1902, misheni iliyokuja kuwa Kanisa la Mungu ikaanza Kima mwaka 1905, Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Mukumu kwa Waisukha mwaka 1906, na misheni ya Kianglikana ya CMS ikaingia Butere mwaka 1912. Kila misheni iliandika ilichokisikia kwa majirani zake, kwa tahajia yake. Sauti moja ya midomo miwili iliandikwa v huku na b kule, ndiyo maana watu ni avandu katika vitabu vya Kimaragoli na abandu katika vile vya Kiwanga. Emory Rees, Mkweka kutoka Marekani, akishirikiana na Joel Litu, alizama katika Kimaragoli, na Biblia nzima ya lugha hiyo ikatoka mwaka 1951.

Wakati huohuo siasa ilidai umoja. Katika miaka ya 1930 viongozi wa chama cha North Kavirondo Central Association walilipigania jina la Abaluyia, ili makabila yaliyokuwa yakitajwa moja moja yawe na sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni. Jina moja likaitisha lugha moja. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ilikaa kutafuta tahajia ya pamoja, na mmisionari wa CMS, Bi. L. L. Appleby, akaandika sarufi ya Kiluhya iliyochapishwa mwaka 1947. Msingi wake ulikuwa usemi wa katikati, wa Wawanga, Wamarama na jirani zao. Wabukusu na Wamaragoli walikataa kuacha usemi wao, nao walikuwa na haki: mtoto alitakiwa ajifunze kusoma kwa maneno ambayo mama yake hayatamki. Biblia ya Kiluhya cha pamoja ilikamilika mwaka 1975, ikasomwa makanisani, lakini nyumbani kila mtu akaendelea na chake. Mwaka 1983 mwanaisimu Rachel Angogo Kanyoro alitoa utafiti wake juu ya lahaja hizo, akaupa jina la Kiingereza lenye maana ya "umoja ndani ya tofauti".

Kiisukha kilibaki katikati ya mvutano huo bila kuwa msingi wa kitabu kikuu cha upande wowote.

Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, ambao nao usemi wao umegawanyika, walipita njia nyingine. Kisami cha Kaskazini kilipata tahajia moja kwa Norway, Sweden na Finland mwaka 1979. Hata hivyo Kisami cha Kusini, cha Lule, cha Inari na cha Skolt vina tahajia zao. Norway ilitunga Sheria ya Wasami mwaka 1987, na vifungu vya lugha vya mwaka 1990 vikampa raia wa wilaya zilizotajwa humo haki ya kujibiwa na ofisi ya umma kwa Kisami.

Kwa upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi, bila kuzitaja majina. UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, na nyimbo za ngoma hiyo huimbwa kwa lugha hizohizo. Shule za Shirere hupokea watoto wa Waisukha, wa majirani zao Watsotso na wa wageni wa mjini, nao hukutana kwa Kiswahili. Ili agizo la Ibara ya 7 liwafikie, serikali ya kaunti na wachapishaji wanapaswa kutoa vitabu vya kusomea vya Kiisukha kwa Kiisukha, na vya Kitsotso kwa Kitsotso, bila kungoja Waluhya wote wakubaliane juu ya kiambishi kimoja.