Mchezo Usio na Refa: Historia Iliyozaliwa Jirani Yetu



Katika kila gazeti la Sikukuu ya Uhuru tumezoea kusoma historia ya nyumbani: TANU, Mwalimu, na Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mwaka huu tumeona tuandike pia historia ya hapa New Jersey, kwa sababu watoto wetu wanaicheza kila Jumamosi na wengi wetu hatuijui. Ni historia ya Ultimate, ule mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki. Inatuhusu sana sasa hivi, maana jumuiya ina hoja mezani: je, msimu ujao ligi yetu ndogo iajiri refa?

Tuanze na kisahani chenyewe. Mwaka 1937 huko California, kijana aitwaye Fred Morrison na mchumba wake walikuwa wakirushiana mfuniko wa kopo la bisi. Mfuniko ulipopondeka, wakahamia kwenye bati la kuokea keki. Siku moja ufukweni Santa Monica mtu aliwaomba wamuuzie bati lile kwa senti 25, na dukani lilikuwa senti 5. Morrison akanusa biashara. Vita Kuu ya Pili ikamkatisha. Alirusha ndege za kivita akashikwa mateka. Aliporudi alianza kutengeneza visahani vya plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilinunua haki yake na kukiita kisahani hicho Frisbee. Jina hilo lilitokana na kampuni ya mikate ya matunda ya Frisbie, iliyokuwa Bridgeport, Connecticut, ambayo mabati yake matupu wanafunzi wa vyuo walizoea kuyarusha.

Hadi hapo kilikuwa kitu cha kuchezea tu, hakuna timu wala sheria. Mchezo wenyewe ulizaliwa karibu kabisa na sisi, katika mji wa Maplewood, mwendo mfupi kwa gari kutoka Newark. Mwaka 1968 mwanafunzi wa Columbia High School aitwaye Joel Silver alipendekeza kwenye baraza la wanafunzi kwamba shule iwe na timu ya Frisbee. Wenzake wakacheka, lakini yeye na marafiki zake wakaanza kucheza. Aina ya mchezo huo alikuwa ameionja kiangazi kile kambini Massachusetts. Uwanja wao ulikuwa eneo la maegesho ya magari ya shule, na usiku walicheza chini ya taa za maegesho hayo. Silver, pamoja na Buzzy Hellring na Jon Hines, ndio walioandika sheria na kuzitia katika kijitabu. Baadaye Silver alikwenda Hollywood akawa mtayarishaji wa filamu, na filamu ya The Matrix ni mojawapo ya alizotengeneza. Vijana wetu wapenda muziki wataifahamu shule hiyo kwa jambo jingine pia: ndiko alikosoma Lauryn Hill. Kwenye maegesho yale leo kuna jiwe la kumbukumbu, na yeyote anaweza kuwapeleka watoto wakalione.

Mechi ya kwanza kati ya shule na shule ilichezwa Novemba 7, 1970. Columbia waliwafunga jirani zao wa Millburn 43 kwa 10. Miaka miwili baadaye, Novemba 6, 1972, ikachezwa ya kwanza kati ya vyuo vikuu, Rutgers dhidi ya Princeton, mjini New Brunswick. Rutgers walishinda 29 kwa 27. Tarehe hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Siku kama hiyo mwaka 1869, mahali hapo hapo, vyuo hivyo viwili vilicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya Marekani. Wale wenye watoto Rutgers wawaulize kama wanajua.

Kutoka hapo mchezo ulisambaa. Mwaka 1979 wachezaji wa Marekani waliunda chama chao, mwaka 1985 likaundwa shirikisho la dunia, na mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi shirikisho hilo. Leo Ultimate unachezwa hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Kwa wasiojua, sheria ni hizi kwa ufupi. Timu mbili, wachezaji saba kila upande, na mara nyingi wasichana na wavulana huchanganyika. Kila mwisho wa uwanja kuna eneo la kufungia. Ukidaka kisahani ndani ya eneo unaloshambulia, timu yako imepata pointi. Ukishika kisahani huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama na kutafuta mwenzako huku mlinzi wako akihesabu kwa sauti hadi kumi. Kikianguka au kikidakwa na wapinzani, ni chao.

Na refa hayupo. Aliyechezewa faulo ndiye anayesema "faulo". Mwenzake akikubali, mchezo unaendelea. Akikataa, wanazungumza kidogo, na wasipoafikiana kisahani hurudi kwa aliyerusha, kama vile urushaji ule haukuwahi kutokea. Walio nje ya uwanja hawaruhusiwi kuingilia uamuzi. Baada ya mechi kila timu huipa timu pinzani alama kwa mambo matano: kujua sheria, kutoumizana, kutenda haki, kujizuia hasira, na namna ya kuzungumza. Wenyewe wanauita utaratibu huu moyo wa mchezo, na umo ndani ya kitabu cha sheria. Haukubaki kwa watoto tu, kwani mashindano ya dunia nayo huendeshwa hivyo. Ligi ya kulipwa ya Marekani, iliyoanza mwaka 2012, imeweka marefa. Lakini pale watu wanacheza kwa mshahara na tiketi zinauzwa.

Sasa turudi kwenye hoja yetu. Wanaotaka refa wana sababu, na tuwasikilize kwa heshima. Msimu huu mabishano yalikuwa marefu. Watoto waliofika karibuni kutoka nyumbani, ambao Kiingereza bado kinawapa shida, walinyamaza hata walipoonewa. Wazazi nao walipiga kelele wakiwa nje ya mstari. Hoja hizi ni za kweli.

Lakini tujiulize tulikuwa tukicheza vipi sisi. Nani alikuwa refa wa chandimu? Mpira wa nailoni na kamba, magoli ya ndala mbili, na bao likibishaniwa tulibishana mpaka likapatikana jibu, maana giza lilikuwa linaingia na hakuna aliyetaka mchezo ufe. Wasichana kwenye rede, nani alisimama kuamua kama mpira umekugusa au umekukosa? Aliyeguswa alijijua. Aliyezoea kukataa, kesho yake hakuchaguliwa. Vijana wa Maplewood hawakutuletea jambo geni. Waliliandika tu kwenye kijitabu, nasi letu hatukuliandika.

Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua jambo hili kwa njia nyingine. Dozi ya saa tisa usiku hakuna msimamizi anayeiona ikitolewa. Aliyeitoa ndiye anayeiandika kwenye faili, na mgonjwa anaishi kwa ukweli wa mwandiko ule. Watoto wetu watakuwa wauguzi, madereva, wahasibu na walimu. Kazi nyingi za maisha hazina refa, na mahali pazuri pa kulizoea hilo ni uwanjani, ambapo gharama ya kukosea ni pointi moja.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba tusiajiri refa, ila tusiache mambo kama yalivyo. Kwanza, manahodha wawasomee wachezaji sheria kwa Kiswahili na Kiingereza kabla ya mechi, na kila mtoto afundishwe maneno machache ya kudai haki yake: faulo, nakubali, sikubali. Pili, wazazi tukae nje ya mstari na midomo yetu ibaki ya kushangilia. Tatu, alama za moyo wa mchezo zitolewe kila Jumamosi, na timu inayoongoza ipewe kikombe sawa na cha bingwa. Fedha ambazo angelipwa refa zinunue maji na mabarafu, kwa sababu kifundo cha mguu kilichoteguka na kiu ya Julai ndivyo vinavyotusumbua zaidi pembeni ya uwanja.

Desemba 1961 wazazi wetu walikabidhiwa jukumu la kujitawala, na walijifunza kazi hiyo wakiwa ndani yake. Tuwape watoto wetu uwanja wao nao wajifunze. Hoja itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Tufike wote, na tuwaachie vijana nao nafasi ya kusema.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.