Delamere Si Mtu Mmoja

Juzi nikiwa Kitisuru, Nairobi, kwa ami yangu, kijana wake aliniuliza Lodi Delamere alizaliwa mwaka gani. Yupi? Delamere ni cheo. Alipewa Thomas Cholmondeley, Uingereza, 1821, Mazrui wangali wanatawala Mombasa. Hurithiwa na mwanamume mmoja tu. Mirathi yetu humpa hata binti fungu lake. Aliyehamia huku ni wa tatu, Hugh, aliyekirithi 1887 akiwa na miaka 17. Cheo hakikuja na ardhi. Ni serikali ya kikoloni iliyomkodisha ekari 100,000 Njoro, 1903, kwa miaka 99. Nasi Pwani wangapi tumezika mababu viwanjani na hati hatuna! Baada ya uhuru Delamere Avenue ikaitwa Kenyatta Avenue, sanamu yake ikahamishiwa Soysambu, shambani kwa familia.