Udondozi, si Uondoaji

Orodha ya istilahi za ujenzi iliyogawiwa katika mafunzo fulani hapa Manundu, mjini Korogwe, inaiita kazi ya kutoa vipimo vya vifaa kwenye modeli ya jengo "uondoaji wa kiasi". Niliiandikia kamati iliyoiandaa, sikujibiwa. Kwa hiyo nayasema hadharani: tafsiri hiyo ni mbovu, na inapotosha kazi yenyewe.

Wenye fani wakiwa kazini husema teki-ofu, yaani "take-off" ya Kiingereza, ambayo neno kwa neno ni kuondoa. Neno hilo lilitoka mezani kwa wakadiriaji wa Uingereza: mchoro upande mmoja, karatasi yenye safu upande wa pili, mtu akitoa kipimo kwenye mchoro na kukiandika mahali pake. Wanakamati wetu wameshika umbo la neno la Kiingereza, kazi wakaiacha.

Na kuondoa tayari kuna kazi yake katika hesabu ya ukuta. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8 kwa vipimo vya nje, kuta za tofali za inchi 6, yaani milimita 150, kimo mita 3. Ukipima katikati ya unene, mzunguko ni mita 35.4 na uso wa kuta za nje ni mita za mraba 106.2. Milango 2 ya 0.9 kwa 2.1 na madirisha 6 ya 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 14.58, zikitoka, zinabaki 91.62. Kwa tofali ambalo uso wake pamoja na mota ni milimita 450 kwa 225, tofauti hiyo ni matofali 144. Sasa mwambie kijana anayejifunza: "Katika uondoaji, usisahau kuondoa matundu." Neno moja limebebeshwa kutoa hesabu na kupunguza hesabu, na atakayelipia mkanganyiko huo ni mwenye nyumba.

"Kiasi" nalo halisaidii. Kwa Kiarabu asili yake ni kupima, lakini kwetu limelegea: chumvi kiasi, pesa kiasi. Mzizi huohuo ndio uliotupa kukisia. Basi tafsiri ya kamati, ukiifuata hadi kwenye mizizi, inakaribia kumwambia fundi akisie na kupunguza.

Wengine wanapendekeza "makadirio". Neno hilo nalistahi. Tuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na jina hilo ni zuri, kwa sababu mkadiriaji hupanga bei na kupima yasiyoonekana kwenye mchoro. Lakini programu ya kuchora majengo kama Revit au ArchiCAD haikadirii. Inahesabu ulichochora, kosa lako likiwemo. Ukiacha kuta zipandane kwenye pembe nne za nyumba ile bila kuziunganisha, mzunguko unakuwa mita 36, na matofali 18 hivi yanahesabiwa mara mbili.

Neno ninalolitetea ni udondozi. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku adondoavyo punje. Sarufi yake haina shaka: okoa limetupa uokozi, komboa limetupa ukombozi, na dondoa linatupa udondozi, afanyaye ni mdondozi. Maana nayo inalingana na kazi. Ukuta ule ule, kabla ya kutoa matundu, una lipu ya nje ya mita za mraba 108, tofali 106.2, na lipu ya ndani 104.4. Ni ukuta mmoja wenye hesabu tatu, na kila tabaka halina budi kudondolewa peke yake. Anayezidisha 106.2 kwa mbili ili apate lipu ya pande zote anapata jumla sahihi, lakini pale ambapo nje kuna mchanganyiko tofauti na ndani, mifuko yake ya saruji haitalingana na kazi.

Mwandishi mmoja anayejiona mlinzi wa lugha amedai kwamba dondoo, neno la mzizi huohuo, ni mali ya fasihi na magazeti. Sijui ni nani aliyempa hati ya kulimiliki. Atoaye aya kitabuni na atoaye ujazo wa mota kwenye modeli wote wanatoa sehemu bila kuharibu chanzo, na hilo ndilo "uondoaji" usiloweza kulisema.

Kwa matumizi: chora ukuta wenye matabaka yake, unganisha pembe, zuia nguzo za zege zisihesabiwe pamoja na tofali, kisha fungua jedwali la udondozi kwa kila kifaa na uongeze asilimia ya upotevu mwishoni, kando.

Nawaomba walioandaa orodha ile wafute "uondoaji wa kiasi" kabla haijachapishwa upya, na wakufunzi wa Korogwe na Handeni wasisubiri toleo hilo. Waanze sasa kufundisha kwamba vifaa hudondolewa, matundu ndiyo huondolewa.